Usinyamaze, mwandikie mhariri leo hii

Dada wa Nakuru, unasema gazeti limeuita mtaa wenu pango la wezi, picha wametoa ya duka lako, na wazee wamekushauri unyamaze yapite. Halafu unauliza ni gazeti gani linaloandika habari za miji yetu kwa haki. Usinyamaze!

Sisi hapa Manyatta, Kisumu, tulinyamaza. Wizi ulitokea upande wa Kondele, lakini picha iliyochapishwa ilikuwa ya lango letu la bati la buluu, namba ya ploti inasomeka vizuri kabisa. Kiongozi wa chama chetu cha wenye nyumba akatuambia, "Gazeti la leo kesho linafungiwa mandazi." Watu wazima tukamwamini! Karatasi ilifungiwa mandazi kweli, ila habari ilibaki kwenye intaneti, na mpaka leo mtu akitafuta nyumba huku ndiyo anayoikuta kwanza. Watu wa boda wakaanza kukataa kuleta abiria usiku. Mwenye duka pale chini akanyimwa mali kwa mkopo. Wapangaji wakahama mmoja mmoja, na benki haitaki kusikia kwamba vyumba ni vitupu. Huyo kiongozi sijamsamehe. Nyumba zake yeye ziko Milimani, angeumia wapi?

Na usipoteze muda kumbembeleza ripota wa hapo mjini. Wengi wao hulipwa kwa habari iliyotoka, hawana mshahara. Anatuma maandishi Nairobi, na kichwa cha habari kinawekwa huko na mtu asiyeujua mtaa wenu. Wetu aliahidi kwa simu kwamba atarekebisha. Hakuwa na uwezo wa kugusa hata nukta. Barua iende kwa mhariri, siku hiyo hiyo: tarehe ya gazeti, ukurasa, sentensi yenye uongo, na ukweli ulivyo. Taja Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachokupa haki ya kutaka habari ya uongo inayokuathiri isahihishwe au ifutwe. Dai wasahihishe kwenye tovuti pia. Wakikukalia kimya, peleka malalamiko Baraza la Habari la Kenya. Ukitaka kushtaki kwa kuharibiwa jina, una miezi 12 tu tangu ichapishwe. Sisi tulipomfikia wakili ilikuwa imeshapita.

Nunua nakala ya gazeti leo kabla hazijaisha, na ule ukurasa wa tovuti uupige picha sasa hivi, tarehe ikionekana.