Maswali ya zabuni: bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama

Barua za safari hii zimetoka kwa madiwani, watunza stoo, maofisa manunuzi na mzabuni mmoja mwenye uchungu. Nyingi zinagusa jambo ninalolirudia kila mara: halmashauri inatazama tarakimu iliyo kwenye bahasha, inasahau miaka itakayofuata.

Tumemwacha mzabuni wa taa za barabarani mwenye bei ya chini tukachukua wa pili. Wananchi wanasema tumefuja fedha. Tuwajibu nini? (Diwani)

Mheshimiwa, wajibuni kwa hesabu. Tuseme wa bei ya chini alileta taa za sodiamu, na wa pili za LED. Taa ya barabarani huwaka takriban saa 12 kila usiku, sawa na saa 4,380 kwa mwaka. Taa ya sodiamu ya wati 150, ukijumlisha na balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa), hula kama wati 170. Hizo ni uniti 745 za umeme kwa mwaka. Taa ya LED ya wati 70, endapo vipimo vya mwanga vimethibitisha kwamba inaitosha barabara hiyohiyo, hula uniti 307. Tofauti ni uniti 438 kwa nguzo moja kwa mwaka mmoja. Zidisheni kwa idadi ya nguzo, kwa bei ya umeme mnayolipa, kwa miaka 10. Kisha ongezeni gari la kunyanyulia na mafundi kila taa inapozima. Mwananchi akiiona hesabu hiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo ataielewa.

Lakini nina swali kwenu: kanuni ya hesabu hiyo ilikuwamo kwenye nyaraka za zabuni? Saa za kuwaka, bei ya uniti, idadi ya miaka na namna ya kupima matengenezo huandikwa kabla ya tangazo kutoka, na huwa zilezile kwa wazabuni wote. Kama mliibuni baada ya kufungua bahasha, aliyeachwa ana haki ya kulalamika, na mimi nitakuwa upande wake.

Jambo jingine mlilosahau kuuliza. Maandishi ya "saa 50,000" kwenye katoni yanahusu vijitaa vya LED vyenyewe. Kinachokufa mapema mara nyingi ni draiva, yaani kifaa kinachovilisha vijitaa hivyo umeme, hasa pale umeme unaporuka. Andikeni kwenye vipimo kwamba draiva iweze kubadilishwa bila kutupa taa nzima, kuwe na kinga ya msukumo wa umeme ya kilovolti 10, na dhamana ihesabu pia kazi ya kupanda nguzoni. Dhamana inayokupa draiva mpya stoo, huku gari la kunyanyulia unalipia mwenyewe, imekuachia sehemu kubwa ya gharama.

Tukigawa ununuzi mmoja mara tatu ili usifike kiwango cha zabuni ya wazi, ni kosa?

Ni kosa. Swali hili huja kila mara kwa jina jipya: leo ni "dharura", kesho "idara tofauti", keshokutwa "bajeti ya robo mwaka". Mahitaji yanayojulikana tangu mwanzo wa mwaka hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayochagua njia ya kununua. Naomba lisiletwe tena.

Sasa wafanyabiashara wadogo tutawasaidiaje, kama kugawa hakuruhusiwi? (Ofisa manunuzi)

Kugawa ili kukwepa zabuni na kutangaza zabuni moja yenye mafungu ni vitu viwili tofauti. Kwenye mafungu, thamani ya jumla ndiyo inayoamua njia, tangazo ni moja, na kila mtu anaomba fungu analoliweza. Anayeweza kusambaza madawati ya shule 4 hafungiwi nje kwa sababu tu hawezi kusambaza ya shule 60.

Tazameni pia masharti mnayonakili kutoka zabuni ya mwaka juzi. Kumdai mzabuni mauzo ya mwaka yaliyo mara 5 ya thamani ya mkataba kunawafukuza wadogo bila kuwalinda ninyi. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2014, uliweka ukomo wa mara 2, isipokuwa penye sababu maalumu iliyoelezwa. Na lipeni kwa wakati. Mfanyabiashara mdogo akizoea kulipwa baada ya miezi 6 ataingiza riba ya mkopo wake kwenye bei, au ataacha kabisa kuomba.

Karatasi tunazoletewa ni nyepesi, zinakwama kwenye mashine. Mzabuni anasema ni gramu 80 kama tulivyoagiza. Nitajuaje? (Mtunza stoo)

Swali zuri kuliko yote. Chukua mizani. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa karibu gramu 5, hivyo rimu ya karatasi 500 ni takriban kilo 2.5. Rimu ya gramu 70 ni takriban kilo 2.18. Tofauti ya zaidi ya gramu 300 hata mizani ya kawaida ya jikoni inaiona. Pima rimu 10 kutoka katoni tofauti, zikiwamo za chini kabisa ya rundo, maana zilizo juu ndizo huandaliwa kuonwa. Rimu ikiwa pungufu, ihesabu pia: huenda karatasi ni za gramu 80 kweli lakini hazifiki 500.

Fanya hivyo kabla ya kutia saini hati ya kupokelea mali. Mhasibu hulinganisha hati ya kuagizia, hati yako ya kupokelea na ankara; zikikubaliana, analipa. Kati ya aliyeagiza, wewe na mhasibu, ni wewe peke yako uliyegusa mzigo. Andika uzito uliopata kwenye hati yenyewe, ukatae upungufu kwa maandishi siku hiyohiyo.

Bidhaa yenye picha ya jani la kijani inatosha kuitwa endelevu?

Haitoshi. Lebo inayofuata ISO 14024, kiwango cha kimataifa cha lebo za mazingira, hutolewa na mtu wa tatu aliyekagua; jani la kujichorea ni tangazo la muuzaji. Ombeni namba ya cheti, muihakiki kwa aliyekitoa, na mkubali ushahidi mwingine unaolingana nacho.

Mkataba wa usafi unatugharimu sabuni nyingi mno. Tubadilishe chapa?

Badilisheni mkataba. Mkilipa kwa lita, mkandarasi anapata zaidi kadiri anavyomwaga zaidi. Nunueni sakafu safi: andikeni eneo, hali inayotakiwa, namna ya kukagua na makato pale inapokosekana, sabuni iwe juu ya mkandarasi. Mkiendelea kununua wenyewe, chukueni iliyokolezwa pamoja na pampu ya kupimia. Dawa ya kuchanganywa sehemu 1 kwa maji 100 ikimiminwa kwa kukisia, dumu la mwezi huisha ndani ya wiki na sakafu inabaki inanata.

Nilikuwa na bei ya chini kuliko wote. Wameniondoa eti "haiwezekani". (Mzabuni)

Walikuuliza kwanza? Sheria ya mfano ya ununuzi wa umma ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa) ya mwaka 2011 inataka mzabuni aombwe maelezo kwa maandishi kabla bei yake haijakataliwa kuwa ya chini kupita kiasi. Angalia sheria inayokuhusu, ulalamike ndani ya muda. Ila uwe na mchanganuo: mishahara, vifaa, usafiri, kodi. Kama jumla inasimama tu kwa kuwalipa vibarua chini ya kima cha sheria, wamefanya vyema kukuondoa.

Zimebaki wiki 6 mwaka wa fedha ufungwe na fedha zipo. Tununue nini?

Hesabuni kurudi nyuma: kufikisha mzigo, kutia saini, kusubiri malalamiko, tathmini, tangazo. Kwa zabuni ya wazi wiki 6 hazitoshi, na ndipo vinapozaliwa vipimo vya haraka vilivyonakiliwa kwenye kijitabu cha muuzaji. Kama mna mkataba wa jumla ambao bei na vipimo vyake vilishindaniwa mapema, agizeni humo vitu vilivyo kwenye mpango wa mwaka tu. Kama hamnao, tumieni wiki hizo kuutayarisha ili mwaka mpya uanze nao.