Deni la Mahamri Manne: Ushauri kwa Anayeanza Kipindi cha Vichekesho na Simu Redioni

Kwa miaka 3 nilikuwa mpokeaji wa simu katika kipindi cha asubuhi cha kituo kidogo cha FM mjini Mombasa, na kwa miaka 6 iliyofuata nikakaa mbele ya kipaza sauti nikiwa mmoja wa watangazaji 2 wa kipindi hicho, ambacho kazi yake ilikuwa kuyazungumza mambo ya mji kwa njia ya kuchekesha na kuwapa wasikilizaji nafasi ya kuchangia. Vijana wanaoingia katika kazi hii hunijia mara kwa mara wakitaka kujua vichekesho vinapatikana wapi. Huwajibu kwamba vichekesho mji umejaa tele, na kwamba swali la kujiuliza ni jingine: mzaha ukishaanza kurudi siku baada ya siku, ni mali ya nani? Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuamini kwamba ni mali ya msikilizaji, na makosa yote makubwa niliyoyaona, yakiwemo yangu, yalitokana na mtangazaji kusahau hivyo.

Studioni mzaha wa namna hiyo tuliuita kibwagizo, kwa sababu hufanya kazi ileile ya kibwagizo cha shairi: ubeti hubadilika, mstari wa mwisho hurudi, na raha ya msikilizaji ni kungoja aone ubeti mpya utafikaje kwenye mstari anaoujua. Marehemu Leonard Mambo Mbotela aliijenga kazi yake juu ya jambo hili. Kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?", kilichoanza mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya, kilisimama juu ya swali moja tu. Angesimulia tabia fulani isiyopendeza, taratibu, kwa sauti yake ile ya upole, na kabla hajamaliza, watu sebuleni walikuwa wameshalitamka swali kwa pamoja. Nilikuwa mtoto, na nakumbuka nyanya yangu akilijibu kwa nguvu kana kwamba yule mzee alikuwa ameketi pale mkekani.

Kibwagizo chetu kikubwa hakikutungwa na mtu yeyote. Mama mmoja wa Kisauni, anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, alitutumia mfuko wa mahamri kupitia kwa dereva wa matatu. Mwenzangu aliwahi kufika kazini siku hiyo, akaufungua, akala mahamri yote manne. Saa 2 asubuhi yule mama akapiga simu.

"Mwanangu, mahamri yamekufikia?"

"Mama, mimi sijaona hata moja."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyo mwenzako ana deni."

Hatukuongeza neno, tukaingia kwenye matangazo ya biashara. Kesho yake mpigaji wa kwanza, aliyekuwa na jambo zito la kusema kuhusu karo za shule, alianza kwa kuuliza kama deni limelipwa. Keshokutwa yake mwingine akadai riba. Baada ya wiki 2 kulikuwa na wakili wa mdaiwa akipiga simu kutoka Likoni, kulikuwa na shahidi aliyedai kuuona mfuko ukifika, na kulikuwa na mzee mmoja wa Malindi, mwenye sauti ya kikohozi, aliyejitwika ukadhi na kutaka pande zote zisuluhishwe kwa kikombe cha chai.

Nimelisimulia jambo hili kwa kirefu kwa sababu karibu kila ninachojua kuhusu kibwagizo kimo ndani yake. Mpigaji wa kwanza ndiye aliyekizaa na wapigaji waliofuata ndio waliokilea, na sisi kazi yetu ilikuwa kukitunza kisife wala kisiharibike. Kukitunza kuna adabu zake. Kila asubuhi yupo mtu anayefungua redio kwa mara ya kwanza, na mtu huyo akisikia watu wakicheka jambo asilolijua hujiona kama mgeni aliyeingia kwenye nyumba ambayo wenyeji wanasemezana kwa mafumbo. Kwa hiyo tulijiwekea kanuni kwamba kila deni likitajwa, mmoja wetu alieleze kwa sentensi moja fupi bila kurudia hadithi nzima. Jambo la pili ni kupumzisha. Mwezi wa Ramadhani ulipofika tuliliweka deni kando kabisa, kwa kuwa si adabu kuwataja watu mahamri ya asubuhi nao wamefunga, na siku ya Idi simu ya kwanza tu ikalirudisha, likapokelewa kwa shangwe ambayo haingepatikana kama tungelitaja kila siku. Jambo la tatu niligundua kwa uchungu: mdhamini mmoja alipotaka deni litajwe saa 2 na nusu kila siku kabla ya tangazo lake, na uongozi ukakubali, wapigaji wenyewe waliacha kulitaja ndani ya siku chache. Walikuwa wameona kwamba mali yao imeuzwa. Tuliomba mpango huo uvunjwe, na ilichukua miezi 2 wapigaji kulichukua tena.

Sasa nije kwenye simu, kwa maana hapa ndipo vipindi vingi hujiharibia. Anayepokea simu kabla haijaingia hewani ni mtu muhimu kuliko anavyofikiriwa, na kumkabidhi kazi hiyo mwanafunzi aliyefika jana ni kosa. Mimi nilikuwa namwuliza mpigaji jina analotaka kuitwa hewani, mahali alipo, na jambo analotaka kusema, kisha namwomba aliseme kwa kifupi. Katika sekunde hizo 20 nilikuwa nasikiliza zaidi ya maneno: amelewa, ana hasira, analia, yuko barabarani akiendesha gari? Ndipo ninamwambia, "Tafadhali punguza sauti ya redio yako," kwa sababu redio ikibaki juu sauti huingia tena kwenye simu na kuzua mlio mkali, au mpigaji hujisikia mwenyewe akichelewa na kupotewa na maneno. Vituo vikubwa vina kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde kama 7, ili tusi likitoka lifutwe kabla halijafika hewani. Sisi hatukuwa nacho. Kinga yetu ilikuwa sikio la mpokeaji simu, na mkono wa fundi mitambo ukiwa tayari kwenye kitufe.

Wako wapigaji wa kila siku, na ninawapenda, maana wao ndio wanaokumbuka kibwagizo kilifika wapi. Hata hivyo ukiwaachia, wataijaza laini yote na kipindi kitageuka baraza la watu 8. Tuliwaomba wenyewe, kwa heshima, wasipige zaidi ya mara 2 kwa wiki, na wengi walikubali bila kinyongo. Nafasi iliyopatikana tuliwapa watu wapya, na hasa wanawake, ambao kwetu walikuwa wachache asubuhi kwa sababu saa hiyo wako jikoni, wanawaandaa watoto, au wako sokoni. Tulipohamisha nusu ya simu hadi saa 4, sauti zao zikaongezeka na vichekesho vikabadilika kabisa, vikawa na mambo ya bei, ya mawifi, ya foleni za maji. Kumbuka pia kwamba mpigaji analipa. Mtu anayetumia salio lake la mwisho kukupigia hastahili kuwekwa kwenye laini dakika 10 huku wewe ukicheka na mwenzako, na anayebipu mara 3 apigiwe, kwa kuwa si kila mwenye jambo la kusema ana pesa ya kulisemea.

Ninalotaka hasa ulishike ni hili lifuatalo, na ni gumu kwangu kuliandika. Tulikuwa na mpigaji mmoja kutoka bara, mtu wa makamo, mwenye kicheko cha ajabu: kilianza kama mtu anayevuta pumzi ya kwikwi na kuishia kwa sauti nyembamba sana. Tulikirekodi. Tukakikata, tukakiweka kwenye kitufe, na kila mzaha ulipokwenda vizuri tulikibonyeza. Kilipendwa mno, wapigaji wakaomba kichezwe, na kwa wiki 6 hivi kilikuwa kibwagizo kuliko deni la mahamri. Hatukumwuliza mwenyewe. Ukimya wake tuliuhesabu kuwa radhi.

Siku moja alipiga simu kipindi kikiwa kimekwisha, nikaipokea mimi. Alisema kwa utulivu kwamba watoto wa mtaani kwake humfuata wakikiiga kicheko kile, kwamba kazini wamempa jina kwa sababu yake, na kwamba siku hizi akisikia jambo la kuchekesha huziba mdomo kwa kiganja. Nilimwomba radhi, nikamwambia kesho tutamwomba radhi hewani. Akasema, "Hapana, ndugu yangu. Mkiniomba radhi hewani mtakicheza tena, au watakikumbuka. Nyamazeni tu." Tulikifuta siku hiyohiyo, na wapigaji walipokiuliza tuliwaambia kwamba hakipo tena, tukaendelea na mambo mengine. Yeye hakupiga tena kwa miezi 5.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nadhani mila yetu ina mafundisho ya kina kuliko onyo hilo. Utani kwa Waswahili na majirani zao haukuwa ruhusa ya kila mtu kumcheka kila mtu. Babu na mjukuu hutaniana, mabinamu hutaniana, Wazaramo na Wanyamwezi hutaniana, na hata msibani mtani hufanya vituko vyake na wafiwa wakacheka, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba mwenzake ana haki ya kumrudishia kesho. Mtangazaji hana haki hiyo kwa kuzaliwa. Ana mitambo, ana kitufe, anaweza kukata simu. Mpigaji ana sekunde zake 40 tu. Utani usiorudishika si utani, na kwa hiyo haki ya kumtania mpigaji lazima itoke kwa mpigaji mwenyewe, kwa kauli yake.

Anayeona nimelikuza jambo hili na akumbuke Desemba 2012, pale watangazaji 2 wa kituo cha Sydney walipopiga simu ya mzaha katika hospitali ya London alikolazwa mke wa Prince William, wakijifanya Malkia na Prince Charles, na mazungumzo yakarushwa hewani. Muuguzi aliyeipokea simu ile na kuiunganisha alijiua siku chache baadaye. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Australia ilithibitisha kwamba mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo ilikuwa na uwezo wa kuamua kuwa kituo kilivunja sheria kwa kurusha mazungumzo yaliyorekodiwa bila ridhaa ya wahusika. Mimi simu za mizaha za kumpigia mtu asiyejua siziruhusu kabisa, hata awe rafiki wa mtangazaji.

Aliye salama kuchekwa ni mwenye kipaza sauti. Nilisikiliza rekodi nyingi za Car Talk, kipindi cha ndugu wawili wa Boston, Tom na Ray Magliozzi, kilichoanza katika kituo cha WBUR mwaka 1977 na kurushwa Marekani nzima kupitia NPR, mtandao wa redio za umma, kuanzia 1987, hadi walipoacha kurekodi vipindi vipya mwaka 2012. Watu waliwapigia kuhusu magari yao mabovu. Mafundi wale walicheka kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini waliyemcheka zaidi kila mmoja ni nduguye, na walikuwa na sehemu ambamo mpigaji wa zamani alirudi kueleza kama ushauri wao ulifaa au uliharibu gari zaidi. Hebu fikiria unyenyekevu wa jambo hilo: mpigaji ndiye hakimu, na mtangazaji ndiye aliye kizimbani. Ndiyo sababu deni la mahamri lilidumu miaka 4 bila kumuumiza mtu. Mdaiwa alikuwa mwenzangu, na kila mpigaji alikuwa na haki ya kumdai.

Deni lilipokuwa bado linapendwa, tuliamua lilipwe. Asubuhi ya Jumamosi mwenzangu alikwenda Kisauni na mahamri 40 yaliyopikwa na mkewe, nami nikiwa studioni na simu wazi. Yule mama aliyahesabu moja moja kwa sauti, taratibu, na mji mzima ukimsikiliza. Alipomaliza aliyagawa kwa watoto waliokuwa wamejaa barazani, akabakisha manne, akayafunga kwenye gazeti na kumpa mwenzangu aniletee. Kisha akaniita kwa jina langu na kuniambia nikae tayari mlangoni, kwa sababu safari hii ametaja idadi hewani na mashahidi wanajulikana.

Katika simu zilizofuata alikuwepo yule bwana wa bara. Nilimtambua kabla hajataja jina. Nilimwuliza hali, nikamwuliza ana lipi la kutuambia kuhusu deni, naye akasema analo moja tu. Alilisema, kisha akacheka, kile kicheko chake chote hadi mwisho wake mwembamba, nasi hatukusema neno juu yake.