Wasomaji Wanauliza: Wiki Moja ya Skii Austria, Kutokea Tanga

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo lisilotarajiwa sana katika mji wenye joto la kaskazi: likizo ya kuteleza kwenye theluji kwa skii, yaani vibao virefu vinavyofungwa miguuni. Tumechagua tano. Zilizofanana tumeziunganisha.

Asalaam aleikum. Wifi yangu anayeishi Ujerumani anatushawishi twende wote St. Anton, Austria, tukae wiki nzima tukiteleza kwa skii. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 11, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugusa theluji. Wifi anasema pale kuna kilomita 300 za kuteleza, hatutachoka. Je, ni mahali petu? Na twende mwezi gani? — Mama wa wawili, Raskazone

Waalaikum salaam, bibie. Hesabu ya wifi ni sahihi. St. Anton imeunganishwa kwa lifti, yaani mitambo ya kamba inayopandisha watu mlimani, na Stuben, Zürs, Lech na Warth. Eneo zima huitwa Ski Arlberg, lina kilomita kama 300 za njia zenye alama na lifti zaidi ya 80. Tangu lifti ya Flexenbahn ilipofunguliwa mwaka 2016, mtu anaweza kulizunguka bila kupanda basi.

Tatizo ni kwamba kilomita hizo zinamfaa wifi, nyinyi bado. Anayeanza hushinda siku mbili za kwanza kwenye kimteremko kifupi, anapandishwa na mkanda unaojiendesha, anajifunza kusimama na kugeuka. Kufikia siku ya sita, akiwa mwepesi wa kujifunza, atakuwa ameteremka njia mbili tatu za buluu, yaani zile rahisi. Ukilipia eneo kubwa kwa wiki nzima umenunua ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja cha maziwa.

Halafu St. Anton ni pagumu. Austria hutumia rangi tatu: buluu kwa njia rahisi, nyekundu kwa ya wastani, nyeusi kwa ngumu. Lakini baadhi ya njia za buluu za St. Anton zingeitwa nyekundu kwingine, na ikifika saa kumi jioni karibu watu wote hurudi kijijini kwa njia chache zilezile, miguu imechoka na theluji imevurugwa ikawa matuta. Hapo ndipo wageni huumia. Na mkiona kibao chenye umbo la almasi, hiyo si njia ya kawaida: haisawazishwi kwa mashine wala haifanyiwi doria. Msiingie.

Tungewashauri Ellmau, katika eneo la SkiWelt, jimbo la Tirol. Nalo ni kubwa, linazidi kilomita 250, kwa hiyo wifi hatakosa pa kwenda. Ila uwanja wa wanaoanza uko palepale kijijini, bapa na mpana, na walimu wa watoto wapo. Kasoro yake ni kwamba kijiji kiko chini, kama mita 820 tu juu ya usawa wa bahari, hivyo Machi theluji ya bondeni huwa uji. Mkilazimika kwenda Machi, nendeni Obergurgl, ambako kijiji chenyewe kiko mita 1,930. Njia zake ni kama kilomita 110 tu, na kwenu zinatosha na kubaki.

Kuhusu wakati, kuanzia Krismasi hadi Januari 6, ambayo ni sikukuu Austria, bei huwa juu na foleni ndefu. Februari shule za Austria na za nchi jirani hufunga kwa zamu, bei hupanda tena. Katikati kuna wiki tatu hivi za Januari zenye nafuu, na theluji huwa nzuri. Angalieni kalenda ya shule ya hapa. Mwaka ambao shule zinafunguliwa karibu na katikati ya Januari, watoto watakosa siku chache tu. Nyumba nyingi hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na barabara za Tirol siku hiyo hujaa magari. Pandeni treni mpaka Wörgl, Kufstein au St. Johann in Tirol, kisha basi.

Kadi ya lifti kwenye maeneo makubwa hupita euro 70 kwa siku kwa mtu mzima. Msinunue ya siku sita mapema. Siku mbili za kwanza ulizieni tiketi ya lifti za mazoezi pekee, kisha kamuulizeni mwalimu kama mko tayari kwa kadi kubwa. Bebeni nakala za pasipoti za watoto, kwa sababu punguzo lao hutolewa kwa mwaka wa kuzaliwa. Na kadi ikae peke yake kwenye mfuko wa kushoto wa koti, mbali na simu: geti la lifti husoma upande wa kushoto, na ikigoma utaziba njia watu mia wakiwa nyuma yako.

Nimesoma kwamba viatu vya skii huumiza kuliko kitu chochote. Navaa namba 42. Nikakodishe 43 ili nivae soksi mbili? — Kijana wa Chumbageni

Hapana, mdogo wetu. Hilo ndilo kosa linaloharibu likizo nyingi kuliko kuanguka.

Buti za skii hazipimwi kwa namba za viatu vya kawaida. Hupimwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita. Ukiwa bado nyumbani, weka karatasi sakafuni, simama kisigino kikigusa ukuta, uzito wote juu ya mguu huo, weka alama kwenye kidole kirefu zaidi. Pima miguu yote miwili, kamili hadi nusu sentimita. Kipimo kikisoma 26.5, omba 26.5. Ukiingiza mguu na kusimama wima, vidole vitagusa mbele kidogo. Kunja magoti, kisigino kirudi nyuma, vidole vipate nafasi. Hiyo ndiyo saizi. Buti ambayo ni raha kabisa dukani imekuzidi, na ukifika mlimani mguu utaogelea ndani, utakaza vifungo kuuzuia, damu haitapita, vidole vitakufa ganzi. Watu husema ni baridi, kumbe ni buti kubwa.

Soksi ni moja, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti, bila mkunjo. Suruali ya ndani iishie juu ya buti. Hata mshono wake ukiingia ndani utachoma ugoko kama msumari ifikapo adhuhuri. Wakati wa kufunga, gonga kisigino chini mara mbili kirudi nyuma, kaza vifungo vya juu kwanza, vya chini vishike tu bila kubana. Usiku usiziache kwenye gari wala varanda, kwani plastiki ikipoa huwa ngumu na asubuhi mguu hauingii.

Skii za anayeanza ziwe fupi, ncha ifike kati ya kidevu na pua. Fundi atakuuliza uzito, kimo, umri na uwezo wako, kisha ataweka kifungo kinachoshika buti kwenye skii. Kifungo hicho kimetengenezwa kuachia ukianguka, na nguvu ya kuachia inategemea majibu yako. Ukijiongezea uzito au ukijiita hodari, hakitaachia, na goti ndilo litakalopinda. Ukipunguza kilo kumi kwa haya, kitaachia katikati ya kona bila sababu. Sema kilo zako zilivyo.

Kabla ya kukanyaga kifungo, kwangua theluji iliyoganda chini ya buti. Barafu kidogo tu pale huifanya buti isikae sawa, ukaamini umefungwa kumbe hujafungwa. Mbele ya buti kwanza, kisha kisigino, ukandamize mpaka kilie. Ukiwa kwenye mteremko, anza na skii ya upande wa chini, la sivyo ya juu itaondoka na wewe.

Kuna makoti ya skii kwenye mitumba kwa bei ya kawaida kabisa. Yanafaa, au nijilipue na mapya? — Fundi cherehani, Ngamiani

Yanafaa sana, na wewe fundi utayachagua vizuri kuliko wengi. Ligeuze koti ndani nje, tazama mishono. Koti la kweli la skii lina utepe wa plastiki uliogandishwa juu ya kila mshono. Ukwaruze kwa ukucha: ukibanduka, au kitambaa cha ndani kikitoa unga mweupe, liache, ngozi yake ya kuzuia maji imekufa na hakuna dawa. Kama utepe ni mzima lakini maji yanalowa juu badala ya kuteleza, hilo linatibika kwa dawa ya kupulizia baada ya kufua. Tafuta pia sketi ya ndani yenye mpira kiunoni, inayozuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Utaanguka. Suruali iwe na kinga ya pili yenye mpira kifundoni, ya kufunika mdomo wa buti.

Kofia ngumu ya mitumba usinunue hata kwa bei ya andazi. Povu lililo ndani likishapigwa mara moja huwa na nyufa zisizoonekana. Buti za skii za mitumba pia hapana. Plastiki yake huoza polepole kwa joto na unyevu, vitu ambavyo pwani yetu haina upungufu navyo, na buti inayoonekana mpya inaweza kupasuka vipande mguuni. Vyote hivyo vikodishwe kule.

Ndani ya koti usivae pamba. Pamba hunywa jasho, na ukikaa kwenye lifti ya viti dakika kumi kwenye upepo, jasho hilo huwa barafu mgongoni. Jezi ya mazoezi ya polyesta inayobana, juu yake sweta la flisi, kisha koti: inatosha hadi nyuzi kumi chini ya sifuri. Akina mama wanaojisitiri wavae kofia laini inayofunika kichwa na shingo, ikae chini ya kofia ngumu. Ncha za mtandio zinazoning'inia hunaswa kwenye lifti. Miwani na mafuta ya kuzuia jua si mapambo hata kwa sisi weusi, maana theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na midomo ndiyo huanza kupasuka.

Tutaswali na kula vipi huko? Na viza? — Ustadh, Msambweni

Sheikh, ratiba ya Januari inakubali vizuri. Jua la Tirol huchomoza kama saa mbili asubuhi, adhuhuri huingia karibu saa sita na nusu, magharibi kama saa kumi na dakika hamsini jioni. Masomo kwa kawaida ni saa nne hadi sita, tena saa saba hadi tisa, kwa hiyo adhuhuri inaangukia mapumziko. Kibla huko ni kusini-mashariki, si kaskazini kama hapa. Kuvua buti kwa ajili ya udhu ni kazi ya dakika nyingi, na hukumu ya kupangusa juu yake wewe unaijua kuliko sisi. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8, kutegemea mwandamo.

Chakula kinahitaji macho. Tiroler Gröstl ni viazi vya kukaanga ambavyo mara nyingi vina nyama ya nguruwe, na Speckknödel ni madonge yenye nyama hiyohiyo. Käsespätzle ni tambi za jibini, hazina nyama, ila uliza kama kitunguu kimekaangwa kwa mafuta ya mnyama. Kaiserschmarrn, chapati nene iliyochanwachanwa, ni tamu, lakini zabibu zake wakati mwingine hulowekwa kwenye ramu. Mkipanga nyumba yenye jiko mtapumua.

Austria haina ubalozi Dar es Salaam; unaohusika na Tanzania uko Nairobi, nao ndio wa kuulizwa kwa maandishi mahali pa kuwasilisha maombi. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90, na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Bima ya angalau euro 30,000 ni sharti, lakini bima ya kutosheleza viza mara nyingi haigusi skii. Isome mpaka uone maneno mawili: michezo ya majira ya baridi, na uokoaji kwa helikopta. Helikopta ikikuchukua mlimani, bili huwa ya maelfu ya euro na itakufuata wewe. Namba ya waokoaji wa milimani Austria ni 140.

Baba yetu ana miaka 70, ana presha na sukari. Anataka kuja atazame tu. Inawezekana? — Watoto wake, Pangani

Inawezekana, na huenda akafurahi kuliko nyinyi. Kimo hakitamsumbua ikiwa Lushoto hakumsumbui: lifti ya vibanda vilivyofungwa ya Ellmau humfikisha juu mlimani Hartkaiser, mita 1,550 hivi. Mkatieni tiketi ya mtembea kwa miguu, na mhakikishe lifti hiyo inamrudisha pia. Lifti nyingi za viti haziteremshi wasio na skii.

Hatari yake kubwa iko mlangoni mwa hoteli, asubuhi, penye barafu. Mnunulieni kucha za chuma za kuvisha juu ya viatu, azivue akiingia ndani kwa sababu kwenye vigae huteleza. Baridi hupandisha presha, basi daktari amwone kabla ya safari, na apime kila siku. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari. Insulini isiwekwe kwenye begi linaloingia chini ya ndege, wala mfuko wa nje wa koti. Ikiganda mara moja imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na kipimo cha sukari kikae hapohapo, kwa sababu nacho kikipoa sana hugoma kusoma.