Muulize Fundi: Shawa ya mvua na mambo mengine ya bafuni

*Fundi, nimejenga nyumba ya vyumba vitatu Kiamunyi, Nakuru, haina gorofa. Binti yangu amenionyesha kwa simu mabafu ya siku hizi: shawa pana inayomwaga maji kutoka darini kama mvua, mifereji myeusi isiyong'aa, kioo badala ya pazia. Nataka vyote. Maji ni ya kisima, na ya moto nimepanga kutumia ile shawa ya stima. Niendelee?*
Mama wa Kiamunyi

Mama, hakuna mteja siku hizi asiyekuja na picha hizo, na sibishi, shawa ya mvua ni raha. Ila mimi swali langu la kwanza si rangi wala kioo. Nauliza tangi liko wapi.

Tangi likiwa mita 10 juu ya mahali maji yanapotokea, presha yake ni kama baa 1. Nyumba isiyo na gorofa mara nyingi tangi huwa mita 3 hivi juu ya shawa, yaani baa 0.3. Sasa ile sahani ya shawa ya sentimita 30 imejaa vitundu. Presha hiyo ikigawanywa kote, maji hayanyeshi, yanadondoka, tena upande mmoja, nawe unazunguka chini yake ukitafuta pa kusuuza povu. Kabla ya kwenda hadiwea, mwambie fundi wako aachie maji kwenye bomba pale pale shawa itakapokaa, kwa kimo hicho hicho, akinge ndoo ya lita 10. Dakika ikipita haijajaa, nunua sahani ndogo, au inua mnara wa tangi, au weka pampu. Pampu nayo, stima ikipotea, ni pambo tu.

Hapo bado hatujagusa maji ya moto, na ndipo mipango yako inapogongana. Shawa ya stima ya kilowati 5.5, maji yakiingia kwa nyuzi 18 asubuhi ya baridi, inaweza kuyafikisha nyuzi 40 yakipita lita 3 na nusu hivi kwa dakika. Ukizidisha, yanatoka vuguvugu. Lita 3 na nusu ni sawa kwa kichwa chake kidogo cha plastiki, lakini kwa sahani pana utaoga matone. Ukitaka mvua ya moto, panga sola yenye tangi lake, na bomba lake lipitishwe kabla ya vigae. Ukibaki na ya stima, ipewe waya wake wenyewe kutoka kwenye bodi ya stima, na athi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) isiyo ya kubahatisha. Hapo sina mzaha.

Mifereji myeusi, mh. Maji mengi ya visima huko kwenu yana chumvichumvi. Tone likikauka kwenye mfereji mweusi linaacha duara jeupe, na mfereji ukikaa wiki bila kupanguswa unaonekana umepakwa chokaa. Kioo hivyo hivyo. Anayesafisha akiona madoa hayo atakimbilia asidi ya chooni, na asidi ndiyo inayobabua ile rangi nyeusi. Kama nyumbani kwako kuna mtu wa kupangusa kwa kitambaa kila baada ya kuoga, weka. Kama hayupo, chukua rangi ya fedha isiyong'aa, hiyo inasitiri.

(Si kazi ya bafu, lakini kwa kuwa ni kisima cha Nakuru: kipimwe floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kabla watoto hawajazoea kunywa maji yake. Kuchemsha hakuiondoi.)

*Bafu letu Mamboleo, Kisumu, liko chini ya ngazi, halina dirisha. Tuliweka dari ya jipsamu na taa za kuzamishwa, sasa inaota weusi.*
Mpangaji mwenye subira

Mvuke wa kuoga ukijumlishwa na unyevu wa Kisumu, ukose pa kutokea, lazima weusi uote. Usipake rangi juu ya weusi, utarudi. Mwombe mwenye nyumba atoboe ukuta wa nje aweke feni ya kutolea hewa, na dari ibadilishwe iwe ya plastiki. Taa zibaki.

*Nawajengea wazazi bafu la kisasa ndani ya nyumba, Vihiga. Nimependa vigae vikubwa vinavyong'aa sakafuni. Mzee naye hataki kabisa choo cha ndani.*
Mwalimu

Mwalimu, vinavyong'aa peleka ukutani. Sakafuni weka vidogo vyenye ukwaruzo. Mistari mingi ya grauti, ile saruji ya katikati ya vigae, huupa mguu pa kushika, na ni rahisi kupata mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Bahati nzuri fasheni ya sasa ni shawa isiyo na kizingiti, na mama mwenye magoti mabaya hahitaji kuinua mguu. Mishikio ya ukutani amua kabla ya plasta, ishikwe kwenye tofali, si kigae pekee.

Kuhusu mzee, angalia kwanza mlango umeelekea wapi. Michoro mingi huufungulia sebuleni, na hakuna mzee wa kwetu atakayepita mbele ya mkwe akielekea msalani. Uhamishie korido ya nyuma, uwe na njia yake ya kutokea uani, kisha umuulize tena.