Bolo Yeung: uanzie filamu ipi?

Mkuu, kwa kuwa umeuliza uanzie wapi na Bolo Yeung, yule mwigizaji wa filamu za mapigano, anza na Enter the Dragon (1973). Kwenye orodha ya waigizaji ameandikwa Yang Sze, usije ukadhani hayumo. Kisha Bloodsport (1988): mtazame anavyotikisa kifua, halafu anamrushia mpinzani wake, Van Damme, unga machoni. Kwenye Double Impact (1991) ni vilevile, Bolo ni jitu baya tu. Ila Shootfighter (1993) usiikose, humo ni mwalimu, mtu mwema!

Ukienda kujaziwa flashi hapa Mwanga, Kigoma, omba filamu zisizoingizwa sauti ya DJ, yule anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya filamu. Bolo haongei sana, ni macho na pumzi, na DJ anafunika vyote. DVD orijino ukiipata, chukua.