Mume kaandika nusu, mke kaandika robo: nani mwongo?

Mkuu, umesema wote wawili mna ajira, mkajaza dodoso kila mtu kivyake, wewe ukaandika unafanya nusu ya kazi za nyumbani, mkeo akakuandikia robo. Sasa unataka jukwaa liamue nani mwongo. Hakuna.

Yalinikuta hayohayo. Nilijipa asilimia 50, mke wangu akajipa 80. Jumlisha: nyumba yetu ilikuwa na kazi asilimia 130! Nilinuna siku mbili nzima.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa jozi 37, kila mmoja peke yake, kuhusu shughuli 20 za nyumbani. Kwenye 16 kati ya hizo, makadirio ya mume na mke yakijumlishwa yalizidi asilimia 100. Sababu kubwa waliyoitoa ni kumbukumbu: sufuria niliyoisugua mwenyewe naikumbuka, uliyoisugua wewe naikuta tu safi kabatini.

Sisi tulibandika karatasi kwenye friji, ukifanya kazi unaweka alama. Kwenye vyombo na kufua sikuwa nyuma, nikaanza kutamba. Siku ya nne mke wangu akachora safu mpya, akaiandika "kukumbuka". Sabuni inaisha. Viatu vya mtoto vinambana. Kikao cha wazazi Alhamisi. Hadi wiki inaisha, safu ile mimi nina alama moja, na hata hiyo ni yeye aliyenikumbusha. Kabla hujagombana, muulize mwenzio alihesabu nini.

Na usidhani ni kazi tu, hata mshahara unapinda. Mwaka 2018 watafiti wa Ofisi ya Sensa ya Marekani walilinganisha majibu ya wanandoa na rekodi za kodi. Pale mke anapomzidi mume kipato, waliojibu, wake kwa waume, walipandisha cha mume kwa pointi za asilimia 2.9 na kushusha cha mke kwa 1.5.

Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu. Mwaka tuliojaza lile dodoso, mke wangu alishanipita mshahara, na si kidogo. Mimi niliandika "tunalingana". Yeye naye, bila kuambizana, kaandika "tunalingana". Dodoso zima, hilo ndilo swali pekee tulilojibu sawa.