Rula, ngozi nyeusi na wekundu usioonekana

Swali: Shikamoo daktari. Nafundisha biolojia sekondari hapa Tanga. Kwenye somo la inflamesheni (mwili unavyovimba na kuwa mwekundu ukiumia) niliwachora wanafunzi mkononi kwa ncha ya rula. Wengi walibaki na mstari uliopauka tu, mmoja akavimba kama aliyechapwa kiboko. Wekundu wa kitabuni sikuuona. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Rula yako ilipita juu juu. Ngozi ikiguswa kidogo, mishipa midogo hujikaza, damu ikapungua, mstari ukapauka. Kandamiza zaidi (usichune!) uone mambo matatu aliyoyaeleza daktari Thomas Lewis wa London miaka ya 1920. Ndani ya sekunde chache kapilari, ile mishipa midogo ya damu, hutanuka, mstari ukawa mwekundu. Halafu wekundu husambaa pembeni. Baada ya dakika moja hadi tatu maji ya damu huvuja, mstari ukainuka. Kuchoma tone la histamini (kemikali ambayo ngozi yenyewe huimwaga) kwenye ngozi huleta hayo hayo matatu.

Hilo la pili ndilo tamu. Neva (mshipa wa fahamu) ikikatwa leo, wekundu wa pembeni bado hutokea. Ukingoja siku kadhaa nyuzi zake zife, hautokei tena. Yaani ujumbe hauendi kwenye uti wa mgongo: unaingia kwa tawi moja la uzi wa neva na kutokea kwa tawi la jirani, hapo hapo ngozini, na kuitanua mishipa ya damu ya pembeni. Ndiyo maana histamini ilitumika kupima mabaka ya ukoma. Pakivimba bila wekundu wa pembeni, neva imeharibika.

Tatizo, kipimo hicho kinategemea jicho, na kwenye ngozi zetu jicho hudanganya. Watafiti hupima mtiririko wa damu kwa leza, rangi ya ngozi haiwasumbui sana. Wewe tumia upande wa ndani wa mkono, mulika tochi kwa ubavu uone kivuli cha uvimbe, kisha upapase kwa kidole.

Yule aliyevimba ana ngozi inayomwaga histamini kwa msuguano mdogo. Si ajabu, ila usimchore tena.

Na wakikushauri utumie upupu, kataa. Mwasho wake unatokana na kimeng'enya kilichomo kwenye vinyweleo vyake, si histamini, na wekundu wa pembeni ni haba. Utabaki na darasa zima linajikuna, na somo hulioni.